Mtoto Haandiki Jina Asiloitwa

Mmekuwa mkinijia hapa barazani, ninyi mabinti mliofungua vituo vya watoto kila uchochoro wa Katoro, mkiniuliza nilikuwa natumia mbinu gani kumfundisha mtoto kuandika jina lake. Nimechoka kurudia. Magoti yananiuma na sauti imeanza kukwaruza, basi nimeamua kuliandika, tena kwa mkono wangu, msije mkasema nimeandikiwa. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililitumia zaidi kumchotea mwalimu maji kuliko kukaa darasani. Lakini hapa machimboni kuna watu wazima kibao, wenye pikipiki, wenye ndevu, wengine wenye vitambi, ambao majina yao waliyaandika mara ya kwanza mbele yangu, makalio chini, kamasi juu ya mdomo. Siku hizi wananipita na miwani ya jua. Mimi nawaona na zile kamasi.

Nianze kwa kuwasema, kwa sababu mnastahili.

Hayo magrupu yenu ya wazazi kwenye simu yananichekesha. Juzi mjukuu wangu kanionyesha picha ya daftari, limeandikwa Emmanuel, herufi zimenyooka kama reli. Chini yake mama mtu kaandika: "Mwanangu miaka mitatu tu, Mungu ni mwema." Watu wakamwaga makopakopa na makofi. Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Mtoto huyo namjua. Wiki ile ile nilimwona akijaribu kuvaa kiatu kichwani. Kilichoandika pale ni mkono wa mama, umeukamata wa mtoto kama mgambo aliyekamata kibaka sokoni. Mtoto hakuandika kitu. Alisindikizwa.

Kutomshika mtoto mkono nilifundishwa Shinyanga mjini, na mama mmoja wa Kihindi aliyeitwa Bibi Zulekha. Mwanawe alikuwa na duka la vitambaa, nami nilikuwa yaya pale, binti mdogo niliyetoka kijijini na ndala za kuazima. Bibi Zulekha alikuwa na sinia pana la bati. Kila asubuhi anamimina humo unga wa dengu, anausawazisha kwa kiganja, anawakalisha wajukuu wake, nao wanaandika majina kwa kidole. Ukikosea unatikisa sinia, jina linafutika, unaanza upya. Hakuna kufuta kwa mate mpaka karatasi itoboke. Jioni unga ule ule unakorogwa, zinakaangwa bajia. Nimekula majina ya wajukuu wote wa nyumba ile, na yalikuwa matamu.

Siku moja mjukuu mmoja alikuwa anahangaika na herufi, nikamwonea huruma, nikaushika mkono wake nimwelekeze. Bibi Zulekha akanichapa kiganja kwa mwiko.

"Wewe Kabula, acha! Mkono yake ndiyo inajifunza. Yako imeshachelewa."

Iliniuma, maana kweli ilikuwa imechelewa. Lakini niwaambie kitu: kazi ya kulitikisa sinia ilikuwa yangu, na kabla sijalitikisa nilikuwa naandika Kabula kwenye kona, haraka haraka. Hivyo na mimi nikawahi.

Baadaye nikaolewa, nikamfuata mume huku kwenye dhahabu. Yeye akafuata dhahabu nyingine na mwanamke mwingine, mimi nikabaki na sufuria. Nikaanza kuuza uji karibu na makarasha, zile mashine za kusagia mawe. Akina mama waliokuwa wanaponda mawe wakawa wananiita mayu, yaani mama, wakisema, "Mayu, niangalizie huyu kidogo." Kidogo chenyewe ni kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama. Watoto wakajaa. Ukiwa na watoto wengi kiasi hicho na huna cha kuwafanyisha, watachovya vidole kwenye sufuria. Nikanunua masinia. Ndivyo kituo kilivyoanza, wala msinipambie hadithi. Nilikuwa nalinda uji. Watoto wakanibatiza Bibi Uji, na jina hilo nitazikwa nalo.

Unga wa dengu ungenifilisi, kwa hiyo nikatumia mchanga. Na hapa nisikieni vizuri, ninyi mnaopenda vya bure: mchanga wa mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, usiuguse. Ni laini, unavutia, lakini umelala na zebaki, na watoto hulamba vidole. Mimi nilikuwa naagiza mchanga wa mtoni, nauosha, nauanika. Asubuhi moja nikakuta masinia yote matupu, yamepangwa vizuri, kiungwana kabisa. Kumbe mchimbaji mmoja aliona bibi anaosha mchanga kila siku na kuuanika kwa uangalifu, akajua nimepata dhahabu nimenyamaza. Alienda kuuosha mchanga wangu. Alirudi jioni kauficha uso kwa kofia, kanirudishia gunia.

"Umepata nini?" nikamuuliza.

"Nimepata M, Bibi," akasema. "Na nusu ya A."

Wachimbaji ni wajinga, lakini wana majibu.

Sasa kazi yenyewe. Jina halianzii kwenye penseli, linaanzia kwenye vidole. Mtoto asiyeweza kumenya karanga atawezaje kushika penseli? Nilikuwa nawapa karanga wamenye, mchele wachambue, kitambaa kilicholowa wakamue. Mzazi akija anapiga kelele, "Nimemleta mwanangu asome, wewe unamgeuza housigeli!" Namwambia kaa hapo. Mtoto aliyemenya karanga mwezi mzima anaishika penseli kama kaikuta tumboni mwa mama yake. Yule wa kwenu mliyemnunulia penseli yenye taa na dubu juu yake anaishika kama mchi. Halafu penseli ndefu ya nini? Ikate. Kipande kifupi hakimpi mtoto nafasi ya kukishika kwa ngumi.

Baada ya vidole, herufi moja tu. Ya kwanza. Iwe mali yake. Masele nilimpa M, akaondoka nayo. Aliiona kwenye mfuko wa saruji, akaiona kwenye kreti la soda, akaja kunishtaki kwamba watu wameiba herufi yake. Kisha akachukua mkaa akaiandika kwenye ukuta wa choo cha jirani uliopakwa chokaa siku ile ile. Jirani akaja kafura.

"Bibi Uji, njoo uone alichofanya mtu wako!"

Nikaenda nikaona. M kubwa, miguu imara, haina kasoro.

"Amekosea wapi?" nikamuuliza.

"Hajakosea, lakini..."

"Basi shukuru. Ungeweza kuchorewa kitu kingine chooni."

Na majina yenyewe! Hapo wazazi mtanisamehe, au msinisamehe. Zamani mtoto aliitwa Masele, Kabula, Mabula, majina yanayoandikika kwa kidole kimoja. Siku hizi mzazi ananiletea mtoto anaitwa Brayton. Namuuliza linaandikwaje, anatazama dari. Mwingine kaniletea Richard. Akasema, "Anaitwa Lichadi."

"Kwa R au kwa L?"

"Kwa L hiyo hiyo unayoisema."

"Baba, sema reli."

"Leli."

"Sema Lilian."

"Ririani."

Simcheki yeye tu. Ulimi wangu nao ni wa Kisukuma, haukuzaliwa Unguja. Lakini mimi mwenye ulimi huu nimewapa wajukuu zangu majina ninayoyaweza. Wewe unamnunulia mtoto jina la kifahari, halafu wewe mwenyewe huwezi kulivaa.

Hapo ndipo ninapofika kwa binti mmoja, na ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Mkisahau karanga na mchanga, huyu msimsahau.

Baba yake aliitwa Masanja, mwenye duara, maana yake shimo la dhahabu lilikuwa lake na vijana walimchimbia. Mama yake alikuwa anaponda mawe kwenye karasha lililo jirani na kituo changu. Walizaa kwanza mapacha, Kulwa na Doto, na wote wawili wakafa kabla hawajatambaa. Akaja binti huyu. Mnajua kwetu: anayezaliwa nyuma ya mapacha hachaguliwi jina. Ni Shija. Hata mapacha wawe wamekufa, yeye ni Shija, na kila akiitwa watu wanajua kuwa kuna wawili walitangulia.

Duara la Masanja likawa halitemi dhahabu. Wachimbaji duara lisipotema hawaulizi mwamba, wanauliza mganga. Mganga akamwambia nyumbani kwako kuna jina linaloita wafu, liondoe. Masanja akaliondoa. Akaamuru binti aitwe Gloria, jina alilolisikia kwenye banda la video. Akakataza watu kumwita Baba Kulwa. Ukimwita hivyo anageuka mbogo. Alitaka Baba Gloria. Yeye mwenyewe alikuwa analitamka "Gololia." Duara halikutema hata hivyo kwa muda, kisha likatema kidogo, akahamia Katoro mjini kwa mwanamke mwingine. Mama Kulwa akabaki na mawe yake na binti.

Basi siku moja Masanja kaja kituoni na pikipiki mpya, akaingia nayo mpaka kwenye uji.

"Mwangaluka, Bibi. Yuko wapi Gloria?"

Binti alikuwa amekaa miguuni pake. Hakugeuka. Alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake.

"Gloria! Andika jina lako baba akuone."

Binti akanyanyua uso akamtazama, akautazama mchanga, akarudi kwenye vidole.

"Unaona?" Masanja akanigeukia. "Mwaka mzima anakunywa uji tu. Huku mnamharibu. Sasa sikiliza. Mahafali yakifika ataandika jina lake mbele ya watu. Nitaleta wageni. Asipoandika, Januari anaenda bweni, Shinyanga. Kule kuna nidhamu."

"Mtoto bado anakojoa kitandani, Masanja. Nidhamu ya nini?"

"Ataacha huko huko."

Akawasha pikipiki, akatuachia moshi kwenye uji.

Mchana mama yake akaja, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Habari zilikuwa zimeshamfikia, machimboni hakuna siri. Hakulia. Alikaa chini tu, nyundo mapajani.

"Mayu," akaniambia, "wale wawili aliwachukua Mungu. Huyu akimchukua baba yake, nitakuwa nimezaa nini?"

Nikampa uji.

Tukaanza kazi ya Gloria. Nasema tukaanza, kwa sababu wakati huo nilikuwa na mwalimu kijana, Neema, aliyekuja na cheti chake na sauti ya kuimbia kwaya. Tulikuwa tunagombana. Mimi nilifundisha herufi kubwa tupu, yeye akasema vitabu vya darasa la kwanza vina herufi ndogo, tunawapa watoto kazi mara mbili. Alikuwa sahihi, na hilo nililichukia kuliko kama angekuwa amekosea. Tukahamia herufi ndogo.

Neema akatunga wimbo wa Gloria, wenye kupiga makofi kila herufi. Watoto wote wakaushika, mpaka muuza vitumbua akaushika. Gloria mwenyewe hakuimba. Ukimwonyesha G anaitazama kama kinyesi cha mbuzi. Karanga alikuwa anamenya vizuri kuliko wote, vidole vilikuwa tayari. Neema akaanza kusema labda mtoto ana tatizo la kusikia, tumpeleke hospitali Geita.

Asubuhi moja mama yake akapita nje ya uzio akienda karashani, akaita, "Shija we!"

"Abee, mama!" Binti karuka kama kachomwa mwiba.

Mimi na Neema tukatazamana. Hakuna tatizo la kusikia hapo. Nikalichukua sinia, nikaandika kwa kidole, Shija, nikamsogezea.

"Hili linasema nini, Bibi Uji?"

"Linasema wewe."

Akafuata kwa kidole chake juu ya changu. Akatikisa sinia. Akaandika mwenyewe, ikatoka vilima na mabonde. Akatikisa. Akaandika. Siku ile alikataa uji. Kabla wiki haijaisha alikuwa anaandika Shija kwa penseli, kwa chaki, kwa mchuzi wa maharage juu ya meza.

Nikamwambia Neema, "Mahafali tayari. Ataandika hilo."

Neema akashika kichwa. "Bibi, baba yake anataka Gloria. Huo ni udanganyifu."

"Baba yake hasomi."

"Unajuaje?"

"Ujumbe ukiingia kwenye simu yake, anampa bodaboda amsomee, anasema macho yanamuuma. Macho gani hayo yanauma kwenye herufi tu? Chembe ya dhahabu kwenye karai la matope anaiona akiwa upande wa pili wa mwalo."

Neema akacheka, halafu akajilazimisha kununa. "Na akijua?"

"Atajulia wapi? Mtoto ataandika, watu watapiga makofi, ataambiwa ndiyo hilo. Tumalize."

Ndivyo nilivyopanga, na nilijiona nina akili kuliko wote.

Mahafali ya siku hizi mnayajua, mmeyaleta ninyi. Watoto wamevalishwa majoho na kofia bapa, wanajikwaa kama vifaranga ndani ya soksi. Keki kubwa kuliko mtoto aliyeisimamia. Jenereta linanguruma, muziki unapasua masikio, kila mzazi kanyanyua simu, hakuna anayemwona mwanawe kwa macho yake mwenyewe. Masanja alikuja na wageni kutoka Katoro, mwenye duka la vifaa vya uchimbaji, madalali wa dhahabu, yule mwanamke wake mpya na kope za kubandika. Mama Kulwa alisimama nyuma kabisa, karibu na uzio, na khanga safi. Na mwenye kipaza sauti alikuwa mshereheshaji aliyeletwa na Masanja mwenyewe, kijana wa suti ya kubana, mdomo kama karasha.

Neema akaninong'oneza, "Bibi. Emsii atayasoma majina kwa sauti."

Nilikuwa nimepiga hesabu za macho ya Masanja, nikasahau masikio yake.

Nikamfuata yule kijana nyuma ya spika. "Mwanangu, watoto wakiandika, wewe piga kelele tu, usisome."

"Bibi!" akacheka. "Nisiposoma nitalipwa kwa lipi?" Akaniwekea mkono begani, akaniondoa kama kiti kilichokaa njiani.

Watoto wakaanza. Kelvin kaandika Kelv, ubao ukaisha, akaendelea ukutani kwa utulivu wote. Huyo atafika mbali. Masele kaandika M, akasimama, akaipenda, akarudi kukaa. "M!" akapiga kelele emsii. "M wa Milionea!" Watu hoi.

"Na sasa, binti wa mwenye mji! Gloriaaa!"

Hakwenda. Neema akamsukuma mgongoni taratibu, ndipo akaenda, joho linafagia vumbi. Akachukua chaki. Akawa anaandika na ulimi nje, kama wanavyofanya wote kazi inapokuwa ya kweli. Akamaliza, akarudi nyuma hatua moja, akakung'uta mikono.

Emsii akainama kwenye ubao. "Shi... ja. Shija! Jamani wazazi, tumealikwa kwa Gloria, huyu Shija katokea wapi?"

Wageni wa Katoro wakacheka. Watu wa karashani hawakucheka. Walimjua aliyetokea na alikotokea. Masanja akasimama. Muziki ukazimwa, likabaki jenereta. Akatembea mpaka ubaoni, na mimi nikatembea vilevile, sijui ningefanya nini, labda ningemkalia. Nyuma kule mama yake alikuwa ameushika uzio.

"Nani kakufundisha hili?" akamuuliza binti. Emsii, mpumbavu yule, akasogeza kipaza sauti katikati yao. Tukasikia wote.

"Bibi Uji."

Asante, mwanangu, nikasema moyoni.

"Nani anakuita hivi?"

"Mama. Na Bibi Uji. Na Masele. Na mwalimu." Akafikiri kidogo, asimsahau mtu. "Na wewe."

"Mimi?"

"Ukija umelewa."

Spika zikalipeleka hilo mpaka barabarani. Kuna mtu alianza kucheka akakatisha. Mimi nimemwona Masanja akipigana, nimemwona akifilisika, lakini sikuwahi kumwona amekosa pa kuweka mikono. Alitazama chini, kisha akautazama ubao, muda mrefu, kama mtu anayeitafuta nyumba yake kwenye ramani. Akamwondoa emsii na kipaza sauti chake. Akanisogelea mimi, na mara hii hakuna aliyesikia zaidi yangu na Neema.

"Limeandikwa sawa?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini mtu aliyeuliza swali lile kwa sauti ile hadanganywi.

"Ni sawa," nikasema. "Ila j. Mkia umegeukia nyuma. Ulipaswa uende huku." Nikamwonyesha kwa kidole hewani.

"Ni kosa kubwa?"

Neema akanitangulia. "Si kosa, Baba... Baba." Akakwama hapo, hakujua amwite baba wa nani. "Watoto wengi wanazigeuza herufi. Inajirudi yenyewe, taratibu."

"Baba Kulwa," akasema Masanja. "Sema tu."

Akachukua kipaza sauti. Nilitegemea hotuba, kila mwenye duara ana hotuba. Akakohoa.

"Bweni haendi," akasema. "Haendi mpaka hiyo j ikae sawa."

Akarudi kukaa. Yule mwenye kope alikuwa amenuna, lakini hakumtazama. Kule kwenye uzio Mama Kulwa alikuwa ameketi chini na khanga yake safi, wanawake wa karashani wamemzunguka wanampepea. Emsii akapiga muziki, keki ikakatwa, na duara, kwa taarifa yenu mnaosubiri, halikutema wala halikuziba kwa ajili ya hayo. Mwamba haujui kusoma.

Januari binti akaanza darasa la kwanza hapa hapa, shule ya msingi ya serikali, kwa jina la Shija. Jioni alikuwa anapita kituoni kunywa uji na kunionyesha daftari. Neema alitaka kumrekebishia j wiki ya kwanza tu, amekaa na kalamu nyekundu tayari.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe umesomea kusahihisha, mimi nimesomea uji. Leo nisikilize mimi. Kaa."

Akakaa. Wala haikusaidia kitu. Kabla ya Pasaka binti alikuwa anaandika j iliyonyooka, mkia mahali pake, ukurasa mzima bila kukosea. Nikafunga daftari, nikaanza kufikiria nitamwambia nini baba yake, maana bweni lilikuwa linaingoja j hiyo, naye alikuwa na mazoea ya kupita na pikipiki kukagua. Masanja herufi nyingine hazijui mpaka leo, lakini mkia wa j anaujua.

Akaja Jumamosi. Akachuchumaa kwenye sinia, magoti yakalia.

"Haya, Shija. Andika."

Binti akaandika kwa kidole, bila haraka. S, h, i. Alipofika kwenye j akasita, akamtazama baba yake, akanitazama mimi, kisha akauvuta mkia, taratibu, akaugeuzia nyuma.

"Bado," Masanja akasema, akatingisha kichwa. "Bado kabisa." Akaondoka na pikipiki yake.

Hilo, mabinti, sikumfundisha mimi.